Saa tatu zilizopotea: miezi sita yangu ya utarajali

Ijumaa iliyopita nilirudisha kadi ya mlangoni, nikaondoa vitu vyangu kwenye kompyuta ya ofisi na kutia saini fomu inayothibitisha kwamba nimemaliza utarajali wa miezi sita katika kampuni moja ndogo ya programu iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka kituo cha Sayansi. Nina umri wa miaka 34. Mtarajali mwenzangu tuliyekaa meza moja ana miaka 22, na kila asubuhi alinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mzima, kisha baada ya dakika kumi nikamwomba anieleze kwa nini programu yangu inagoma kufanya kazi. Msimamizi wetu, kijana wa miaka 27, alihangaika wiki nzima asijue kama aniamkie au aniamuru, na mwishowe akaamua kuniita dada, jina lililomwezesha kunikosoa kila siku bila kunivunjia heshima.

Naishi Kimara, na kwa miaka minane njia yangu ya kazini haikuhitaji kufikiri. Nilipanda basi la mwendokasi la kwenda Gerezani, likapita Ubungo, Manzese, Magomeni na Jangwani, likanishusha Kariakoo, nikatembea hadi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Gerezani ambako nilikuwa mhasibu msaidizi. Basi la kwenda kituo cha Morocco, ambalo sasa ndilo langu, likifika Magomeni hukata kushoto kuelekea Kinondoni. Katika wiki mbili za mwanzo nilipanda la Gerezani mara mbili kwa mazoea, na mara zote mbili nilizinduka tulipokuwa tumeshafika Jangwani.

Nilisoma stashahada ya uhasibu pale CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, na kazi yenyewe niliipenda. Kuingiza vocha, kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kufunga mahesabu ya mwezi, yote hayo yana utulivu wake. Kilichonichosha ni namna kosa lilivyochukuliwa mahali pale. Upungufu wa droo ulikatwa kwenye mshahara wa keshia bila uchunguzi, na kosa la karani au mhasibu lilisomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote siku ya Jumamosi. Mwaka wangu wa pili niliandika 54,000 mahali palipostahili 45,000, nikaitafuta tofauti ya shilingi 9,000 kwa siku mbili bila kumwambia mtu, na ilipogunduliwa nilikatwa fedha hiyo ingawa hakuna hata shilingi moja iliyokuwa imetoka dukani. Tangu hapo nikiona tofauti yoyote ya hesabu huigawanya kwanza kwa tisa, kwa sababu tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa tisa bila baki. Isipogawanyika huigawanya kwa mbili na kutafuta muamala wa kiasi hicho, kwa kuwa kiasi kilichoandikwa upande usio wake wa leja huleta tofauti iliyo maradufu yake. Nimeitaja mbinu hii mapema kwa sababu itarudi.

Programu niliingia kwa mlango wa Excel, kama wahasibu wengi. Wateja wetu walianza kulipa kwa simu kwa wingi, na kila mwisho wa mwezi nilipokea faili lenye maelfu ya miamala ambayo nililazimika kuilinganisha na risiti moja baada ya nyingine. Nikajifunza kuandika fomula ndefu, kisha makro, yaani amri zinazoifanya Excel ijiendeshe, na siku moja makro yangu ikaleta matokeo ya ajabu: mauzo ya tarehe 3 Aprili yalikuwa yamehamia tarehe 4 Machi. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, na tarehe zote kuanzia 1 hadi 12 za kila mwezi zilikuwa zimegeuzwa kimyakimya, huku zile za kuanzia 13 zikiachwa kama maandishi tu kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Nilikaa nikiitazama skrini ile kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote pale ofisini. Kosa lilikuwa na sababu, sababu ilikuwa na mpaka unaoonekana kwa macho, na hakuna aliyepaswa kukatwa mshahara.

Kujifunza kwenyewe nitakupitisha haraka, kwa sababu hadithi za aina hiyo ni nyingi na zinafanana. Nilisoma usiku kwa bando la usiku, mwaka mmoja na nusu. Nilianza na CS50, somo la Chuo Kikuu cha Harvard linalopatikana bure mtandaoni, na wiki zake za C, lugha ya kuandikia programu, zilikaribia kunirudisha moja kwa moja kwenye leja. Baadaye nikahamia lugha nyingine, Python, na kanzidata, nikajiona nipo nyumbani, kwa maana kanzidata ni leja iliyofundishwa kujibu maswali. Matangazo yanayoahidi kwamba baada ya miezi mitatu ya mafunzo utalipwa kwa dola ukiwa umekaa sebuleni kwako nimeyaona, na ninawashauri wanaoniuliza wayapite kama wanavyompita mpiga debe anayesema gari lina nafasi.

Niliomba nafasi sehemu tisa, zikajibu mbili. Mama yangu aliposikia neno utarajali aliuliza kama nimeanza udaktari, kwa kuwa wengi tumelizoea neno hilo likiambatana na madaktari waliomaliza chuo na wanaofanya mazoezi hospitalini. Nilipomweleza kwamba ninaacha mshahara wa shilingi 750,000 ili nipokee posho ya 300,000 kwa miezi sita, hakusema neno, akaendelea kuchambua mchele. Ukimya ule niliukumbuka kila nilipokwama.

Siku ya kwanza kazini nilipata somo la lugha. Kwenye maandishi rasmi tunasema msimbo, lakini pale ofisini kila mtu anasema kodi: nani ameandika kodi hii, kodi yako haijapita, nitumie kodi. Kwa mtu aliyetumia miaka minane kuandaa ritani za TRA, mamlaka ya mapato, kusikia kijana akisema kwa sauti kwamba amefuta kodi yote ya mwezi uliopita kwa sababu ilikuwa chafu ni jambo la kushtua. Nilichukua takriban wiki tatu kabla ya neno hilo kuacha kunipandisha mapigo ya moyo.

Jambo la pili ambalo hakuna somo la mtandaoni lililoniandaa nalo ni kwamba karibu siku nzima ni ya kusoma. Mfumo wa kampuni ni wa kusimamia mauzo na stoo za maduka, na ulikuwa na mistari zaidi ya elfu arobaini iliyoandikwa na watu ambao wengine walikwishaondoka. Wiki mbili za mwanzo sikuandika hata mstari mmoja wa kubaki. Nilipewa kazi ya kufuatilia safari ya mauzo moja, kuanzia keshia anapobofya kitufe hadi takwimu inapotokea kwenye ripoti ya mwenye duka, na kuichora kwenye karatasi. Nilijaza karatasi kumi na moja. Wenzangu vijana waliona kama adhabu ndogo, mimi niliona kazi niliyoizoea, maana mkaguzi wa hesabu hufanya hivyo hivyo anapochukua vocha moja na kuifuata hadi kwenye mizania.

Mwezi wa pili ndipo nilipotambua kwamba hofu yangu haikutokana na lugha ya Python. Kila tunapomaliza kipande cha kazi tunakiweka kwenye tawi lake ndani ya Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, na kuomba mwenzetu akipitie kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu. Nilikuwa nikishikilia kazi yangu siku tatu, nne, nikiipiga pasi, nikifuta majaribio yote yaliyoshindikana ili mpitiaji aone kitu kilichonyooka. Msimamizi akaniuliza kwa upole mbona kwangu hapaonekani njia niliyopita. Nikamjibu kwa ukweli: nilikolelewa kikazi, njia iliyopotoka ndiyo ushahidi dhidi yako.

Hapo akanikumbusha jambo ambalo mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha yeye. Katika leja ya mkono hairuhusiwi kufuta kwa raba wala kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya tarakimu, ukiacha isomeke, unaandika iliyo sahihi na kutia saini pembeni. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili kutunza msimbo wa mfumo endeshi wa Linux, kwa matumizi ya kila siku ina tabia hiyo hiyo: badiliko jipya huwekwa juu ya la zamani, la zamani hubaki likisomeka, na kila moja lina jina la aliyeliandika na saa aliyoliandika. Kanuni niliijua tangu chuoni. Nilichokuwa sijawahi kukiona ni ofisi inayoiamini kanuni hiyo kiasi cha kumwacha mtu aonyeshe mstari wake uliokatwa bila kumgeuza mfano wa Jumamosi.

Imani hiyo niliijaribu vibaya mwezi wa tatu. Nilikuwa nikirekebisha bei ya bidhaa moja kwenye seva ya majaribio, nikaandika amri ya UPDATE na kusahau kuweka sharti la WHERE linaloitaja bidhaa yenyewe. Amri ikakubali upesi kuliko kawaida, kisha skrini ikaniarifu kwamba mistari 6,214 imebadilishwa. Bidhaa zote, kuanzia vidonge vya maumivu ya kichwa hadi mashine za kupimia shinikizo la damu, zilikuwa sasa zinauzwa shilingi 2,500. Nilihisi mikono ikiwa baridi. Mawazo ya kwanza yaliyonijia, nayasema kwa aibu, yalikuwa ni kutafuta namna ya kurudisha bei kabla hajaja mtu, na nilitumia dakika ishirini nzima kwenye jaribio hilo la kipuuzi huku wenzangu wawili wakishangaa kwa nini majaribio yao ya programu yanafeli. Mwishowe nikasimama na kusema. Msimamizi akarejesha nakala rudufu ya usiku uliotangulia, kazi ya dakika sita, kisha akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kilichotokea. Masharti ya ukurasa huo yalikuwa mawili: nieleze hatua kwa hatua, na nipendekeze kitakachomzuia mtu mwingine asifike nilipofika. Nikapendekeza kwamba amri za kubadilisha data zianze daima ndani ya muamala wa kanzidata unaoweza kubatilishwa, ili idadi ya mistari ionekane kabla ya kuthibitishwa. Pendekezo likakubaliwa. Kuhusu dakika ishirini nilizoficha aliniambia jambo moja tu, kwamba zile ndizo zilizoigharimu ofisi, kwa sababu kosa lenyewe lilirekebishwa kwa dakika sita.

Sasa nifike kwenye saa tatu.

Mwezi wa nne nilipewa tiketi, yaani lalamiko la mteja lililosajiliwa ili lirekebishwe, ambayo ilikuwa imelala muda mrefu. Mmoja wa wateja wetu ni duka la dawa linalofanya kazi saa ishirini na nne, nalo hufunga hesabu ya siku saa sita kamili usiku, zamu zinapobadilishana. Mwenye duka alilalamika kwamba siku nyingine ripoti ya mfumo inaonyesha mauzo makubwa kuliko fedha zilizopo, na kwa kuwa alimwamini mashine kuliko mwanadamu, alikuwa ameshaanza kumkata keshia wake. Tiketi iliambatana na orodha ya siku saba zenye upungufu, na siku iliyotangulia orodhani ilikuwa Jumanne yenye tofauti ya shilingi 184,300.

Niligawanya kwa tisa, ikagoma. Nikagawanya kwa mbili, nikapata 92,150, na hapakuwa na muamala wa kiasi hicho wala mkusanyiko wake. Nikajaribu siku nyingine sita, hakuna ruwaza yoyote. Wapitiaji walionitangulia walikuwa wameandika kwenye tiketi kwamba huenda keshia hatoi risiti vizuri, maelezo ambayo yalinikera kwa sababu ninazozijua mwenyewe.

Siku ya pili ndipo nilipoiangalia orodha ile kama mhasibu, si kama mtarajali. Mwenye duka alikuwa ametuletea siku za upungufu peke yake. Hakuna mfanyabiashara anayepiga simu kulalamika kwamba droo yake ina fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Nikaomba takwimu za mwezi mzima, siku zote, na picha ikajitokeza: siku za ziada zilikuwa takriban sawa na siku za upungufu, na jumla ya mwezi ilikaribiana sana na fedha halisi. Fedha hazikuwa zinapotea. Zilikuwa zinahama siku.

Kilichonifungua macho kabisa ni karatasi. Niliomba picha za daftari la mkono la zamu ya usiku, na katika ukurasa wa Jumatano keshia alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa kulala, kwamba saa nane na dakika kumi usiku aliuza dawa ya watoto ya kushusha homa pamoja na kipimajoto. Nikaitafuta risiti hiyo kwenye kanzidata. Ilikuwepo, kwa kiasi kile kile, lakini wakati wake ulisomeka 23:10 ya Jumanne, yaani saa tano na dakika kumi usiku. Kati ya saa tano na saa nane kuna saa tatu.

Sababu ni hii. Seva huhifadhi nyakati kwa saa za ulimwengu zinazoitwa UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na huo ni utaratibu mzuri. Tatizo lilikuwa kwenye ripoti, ambayo iliyakusanya mauzo kwa siku bila kwanza kuyageuza kuwa saa za hapa. Kwa hiyo kila kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kilihesabiwa kwenye siku iliyotangulia. Jumanne ile ilikuwa imenyang'anywa mauzo yake ya alfajiri ya shilingi 96,200, yaliyopelekwa Jumatatu, na ikaongezewa 280,500 ya alfajiri ya Jumatano. Toa moja kwenye nyingine na utapata 184,300 kamili. Maduka mengine yote yanayotumia mfumo hufunga jioni na kufungua asubuhi, hayauzi chochote katika saa hizo tatu, na ndiyo maana kosa liliishi miaka miwili bila kuonekana.

Nilipiga kelele ofisini. Kijana wa miaka 22 alidhani nimefuta tena bei.

Marekebisho yangu ya kwanza yalikataliwa. Nilikuwa nimeongeza saa tatu kwa mkono ndani ya ripoti, na mpitiaji akaandika kwamba nikiongeza tatu hapa, na mwenzangu asiyejua akaongeza tatu kule, duka litafunga hesabu ya kesho kabla ya leo kwisha. Njia sahihi ni kuiambia PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, jina la mahali na kuiachia igeuze yenyewe, na jina hilo lipo kwenye orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta duniani kote: Africa/Dar_es_Salaam. Sikutarajia kuliona jina la mji wangu katikati ya msimbo, likiwa limeunganishwa kwa vistari vya chini kama shanga. Nilipolifuatilia zaidi nikakuta kwamba siku hizi jina hilo linaelekezwa Nairobi, kwa kuwa miji yote miwili inafuata saa zile zile, jambo ambalo nililipokea kwa moyo mkunjufu kadiri nilivyoweza. Badiliko la mwisho lilikuwa la mistari miwili. Siku nne kwa mistari miwili. Pale Gerezani nisingepona.

Msimamizi hakuishia kwenye kurekebisha. Alinipa jukumu la kuandaa orodha ya siku zote tangu duka lile lianze kutumia mfumo, ikionyesha kilichosomwa na ripoti, kilichokuwa sahihi na tofauti yake, pamoja na barua fupi inayokiri kwamba kosa lilikuwa letu. Niliiandika barua hiyo mara tano. Baadaye nikaambiwa kwamba mwenye duka alimrejeshea keshia fedha alizomkata kwenye mshahara wa mwezi uliofuata. Keshia huyo simjui kwa sura, ninaujua mwandiko wake tu, na bado barua ile naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko msimbo wowote nilioandika katika miezi sita.

Baada ya hapo wenzangu wakaanza kuniletea matatizo yanayonukia fedha. La kukumbukwa lilikuwa la malipo ya simu yaliyoandikwa mara mbili. Mteja akilipa, mtandao wa malipo hutuma taarifa kwenye seva yetu na kusubiri jibu. Jibu likichelewa, hutuma tena taarifa ile ile, na mfumo wetu ulikuwa ukiipokea ya pili kama malipo mapya. Vijana walikuwa wakijadili namna ya kuharakisha jibu. Mimi nikauliza kwa nini leja inakubali namba moja ya muamala iingizwe mara mbili, wakati karani yeyote anajua kwamba risiti yenye namba iliyokwishaandikwa inarudishwa mlangoni. Tukaiwekea safu ya namba ya muamala sharti la kutojirudia, na taarifa ya pili ikawa inapokelewa kwa adabu na kupuuzwa. Kuharakisha jibu kulibaki kuwa jambo jema, ila halikuwa tena la dharura.

Nisije nikaeleweka kwamba uhasibu ulinibeba kila mahali. Kwenye stoo nilipendekeza tuache kuhifadhi idadi iliyopo kama tarakimu moja inayoandikwa upya, badala yake tuandike kila kinachoingia na kinachotoka, na nikatoa hotuba ndefu juu ya uwekaji hesabu wa pande mbili ambao mtawa Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494. Wakanisikiliza kwa uvumilivu, kisha wakanionyesha waraka wa mwaka uliopita wenye wazo hilo hilo, uliopangwa vizuri kuliko langu. Kwenye kazi za kiolesura, yaani kile anachokiona na kukibofya mtumiaji, nilikuwa wa mwisho katika watarajali watatu na ninaamini bado ningekuwa wa mwisho. Kitufe nilichokitengeneza kwa siku mbili kilionekana vizuri kwenye kompyuta yangu peke yake. Kwenye simu ndogo ambayo makeshia wengi wanatumia kilijificha chini ya kibodi.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu wanaoandika safari kama hizi huruka sehemu hiyo. Posho ililipa nauli, chakula cha mchana kwa mama ntilie na sehemu ya kodi ya chumba. Kilichobaki kilitoka kwenye akiba ya miezi minane na mkopo mdogo wa kikoba, ambao nimebakiza marejesho mawili. Niliacha kuchangia harusi mbili na nikaeleweka vibaya kwenye moja. Umeme ulipokatika nyumbani sikuwa na uwezo wa kukimbilia hotelini kwenye jenereta na kahawa, nilisubiri tu. Mtu mwenye watoto wanaomtegemea, bila mwenza wa kusaidiana naye, angehitaji akiba iliyo maradufu ya yangu, na ningemshauri asiache kazi mpaka aipate.

Wiki ya mwisho niliitumia kuandika maelezo ya kazi zangu ili atakayezichukua asihitaji kunitafuta. Nilirudi kwenye Git nikasoma nyayo zangu tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza kuna mabadiliko manne, yote yamepigwa pasi. Mwezi wa sita kuna zaidi ya sitini, na mengi yana ujumbe kama "hii haijafanya kazi, najaribu njia nyingine" au "samahani, nilikosea hapa jana". Jina langu liko kwenye kila moja.

Wamenipa mkataba wa miezi mitatu kuanzia Jumatatu, kwa malipo yanayopungua kidogo yale niliyoyaacha Gerezani, kushughulikia sehemu ya marejesho ya fedha kwa wateja. Jumapili nilikwenda kumweleza mama. Nilimwambia kwamba nimepita, kwamba kodi yangu imekubaliwa, na kwamba sasa nitalipwa kwa kuandika kodi. Akaweka ungo chini, akanitazama kwa muda, akauliza kodi ya chumba basi nitaanza kulipa kwa wakati lini.